Allidina Visram: Mito Mingi, Chemchemi Moja



Katika darasa zetu za Kisauni swali moja limekuwa likirejea kila tufikapo mlango wa biashara. Ni vipi mtu atajipatia mapato ya halali yatokayo mahali pengi, yenye kumjia hata siku asiyotoka nyumbani, ili mlango mmoja ukifungwa watoto wake wasilale na njaa? Swali hili ni zuri, wala si la tamaa. Mwenye kutegemea mshahara mmoja, au mpangaji mmoja, au kishamba kimoja cha minazi, yu karibu na kuomba kuliko anavyodhani. Lakini hatukupenda kulijibu kwa kupanga maagizo juu ya maagizo. Tumeonelea tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyefungua milango ya mapato ambayo ni wachache mno waliomfikia katika zama zake, kisha tutazame ni upi uliobaki wazi baada yake. Mtu huyo ni Allidina Visram. Jina lake kila mtu wa Mombasa amelisikia kwa sababu ya shule, ila khabari zake ni wachache wanaozijua.

Kwanza na tuutazame udongo tunaoukanyaga. Mwaka 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na Uingereza kwenda Unguja kumshurutisha Seyyid Barghash aufunge mnada wa watumwa. Katika miaka ya 1874 na 1875 wamishonari wa CMS wakanunua ardhi huku Kisauni, wakawajengea makazi watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na makazi yale wakayapa jina la Frere. Kengele yao ndiyo iliyouachia mtaa jina la Kengeleni. Zama hizo hizo wenye mali wengi wa pwani walikuwa na mlango mmoja tu wa mapato, nao ni shamba lililolimwa na watumwa. Mlango ule ulikuwa wa dhuluma, na juu ya dhuluma ulikuwa mmoja. Utumwa ulipoondolewa katika sheria ya pwani mwaka 1907, mashamba mengi yakaota magugu. Wenyewe hawakuwa na pato jingine la kuwashika mkono, nao wakaanza kuuza ardhi fungu baada ya fungu. Aliyeuza alikula fedha mwaka mmoja au miwili, na wajukuu zake leo huenda ni wapangaji juu ya udongo uliokuwa wao.

Wakati hayo yakitokea, ng'ambo yetu kisiwani alikuwako mtu aliyekuwa akifanya kinyume chake.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika nchi ya Kutch, Bara Hindi, katika jamaa ya Khoja Ismailia. Madhehebu yake si yetu, wala makala haya si ya kujadili madhehebu. Hekima huokotwa popote inapopatikana, na elimu ya mali ni katika hekima hizo. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12, alivuka bahari akaja pwani yetu. Hakuja na rasilmali. Alipata kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri mkubwa wa misafara, na hapo ndipo alipopata chuo chake.

Bagamoyo ya siku zile ilikuwa mlango wa bara. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilipanda juu vichwani mwa wapagazi, na pembe za ndovu zikateremka vichwani mwa wapagazi vile vile. Biashara ile ilikuwa na faida kubwa na khatari kubwa. Msafara ulikaa njiani miezi mingi. Vita, maradhi au njaa ya njiani viliweza kuimeza mali yote, na aliyeweka rasilmali yake yote katika msafara mmoja aliweza kulala tajiri akaamka maskini. Hatutaki kuipamba biashara hiyo. Mizigo ile ilikuwa mizito juu ya shingo za watu, na pembe zile zilimaliza ndovu wa nchi. Lakini kijana yule alijifunza humo jambo moja ambalo hakulisahau maisha yake yote, nalo ni kwamba mali isiwekwe yote njiani kwa wakati mmoja.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 alikuwa ameanza kupeleka misafara yake mwenyewe. Hapo akafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya kwa kipimo chake. Pale ambapo misafara hupumzika, yeye aliweka duka. Akafungua Dar es Salaam na Sadani, akaingia bara mpaka Tabora na Ujiji, na akavuka kuingia Kongo. Msafara huleta faida mara moja ukirudi salama, ilhali duka lililo njiani huuza kila siku, tena humwuzia hata mshindani anayepita na msafara wake. Hivyo alipata pato la pili bila kuliacha la kwanza. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyeishika njia ile ya biashara.

Mwaka huo njia yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza kufa. Tangu 1896 reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwishoni mwa 1901 ikafika Ziwa Victoria, pale panapoitwa Kisumu. Gari moja la moshi lilichukua mzigo wa mamia ya wapagazi, na mwenye akili alijua kwamba Bagamoyo haitakuwa tena kama ilivyokuwa. Wapo waliokaa wakiulaani moshi. Allidina aliufuata. Mwaka 1898 alifungua duka Kampala, na kadiri reli ilivyosonga, naye alisonga, akiweka maduka penye stesheni na kuwauzia wajenzi wa reli chakula na bidhaa. Mombasa ikawa makao yake makuu. Alipofika ziwani hakusimama ufukweni. Alipata vyombo vyake vya kusafiria maji, na bidhaa zake zikavuka mpaka Uganda.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo ulipo ufundi wa mtu huyu. Wengi hudhani kwamba kuwa na mapato mengi ni kuwa na kazi nyingi zisizojuana, leo samaki, kesho matofali, keshokutwa nguo. Allidina hakufanya hivyo. Kila pato lake lilizaliwa na jingine. Duka liliuza nguo na chumvi kwa wenyeji, na wenyeji hawakuwa na rupia nyingi, basi duka likanunua kwao ngozi, nta, pembe na mazao ya shamba. Duka moja likawa na mapato mawili, moja katika kuuza na moja katika kununua. Yalipopatikana mazao, akaweka viwanda vya kuyatengeneza. Alikuwa na vinu vya kukamulia mafuta Kisumu na pwani, na penye mafuta akaweka kiwanda cha sabuni. Pamba ilipoanza kulimwa Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, aliweka mitambo ya kuichambua Mombasa na Entebbe. Alikuwa na viwanda vya kupasulia mbao, na penye mbao pakawa na mafundi wa kutengeneza samani. Alikuwa na viwanda vya soda. Alikuwa na mashamba makubwa saba, ambamo alijaribu miwa, mpira, pamba na matunda. Bidhaa zilizotoka katika viwanda zilirudi kuuzwa katika maduka yale yale. Hivyo maji ya mto mmoja yaliunywesha mto wa pili, na wa pili ukaunywesha wa tatu.

Tena alikuwa na mlango mwingine usioonekana kwa macho, nao ni mali kauli. Kijana akitoka Bara Hindi mikono mitupu, Allidina alimkabidhi bidhaa bila fedha, akaenda kufungua kiduka mahali pasipo na duka. Alipouza alirudisha thamani ya mali, na akaleta mazao aliyoyanunua. Wengi waliokuja kuwa matajiri Kenya na Uganda walianza hivyo. Hatusemi kwamba kila mapatano yake yaliafikiana na sharia, kwani hilo hatukulishuhudia. Twasema kwamba sura yake haiko mbali na mudharaba tunaousoma katika vitabu vya fikihi, yaani mmoja hutoa mali, wa pili hutoa kazi, na faida huwa baina yao. Mlango huu ni wa halali kwa anayechunga masharti yake, hauhitaji riba, nasi tumeuacha umefungwa.

Basi Allidina alikaa Mombasa, na mtu aliyenunua chumvi Ujiji alikuwa akimwingizia pato bila ya wao wawili kuonana. Mamia ya makarani na mawakala walifanya kazi kwa jina lake. Kabla ya benki kuenea bara, maduka yake yalikuwa ndiyo njia ya watu na hata maofisa wa serikali kupelekeana fedha. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa waliouasisi umoja wa Wahindi Mombasa, na alisifika kwa mkono mwepisi wa kutoa.

Lakini asidhani mtu kwamba mapato hayo yalikuja bure kwa kuwa yalimjia akiwa amekaa. Kazi yake ilitangulia, miaka 30 na zaidi. Na hata baada ya hapo aliendelea kusafiri kukagua. Mwenye nyumba ya kupangisha asipotazama bati lake, mvua itamtazamia. Mwenye minazi asipopalilia, atavuna makuti. Pato linalokuja lenyewe ni pato ambalo kazi yake imefanywa kabla, na uangalizi wake haukukoma.

Mwaka 1916 Allidina alisafiri mpaka Kongo kwa biashara, akashikwa na homa, na akafariki mwaka huo, umri wake miaka 65.

Sasa tunafika penye ibra. Mali hii yote, maduka, vinu, mashamba, vyombo na madeni, iliingia mikononi mwa mwanawe, Abdulrasul. Zama zenyewe zilikuwa ngumu. Ilikuwa katikati ya Vita Kuu vya kwanza. Vita vilipokwisha, baina ya 1920 na 1922 fedha ya nchi ikageuzwa, rupia ikaondolewa, ikaja florini na kisha shilingi. Bei ya pamba na mazao mengine ikaanguka duniani. Abdulrasul naye hakuishi sana, akafariki mapema katika miaka ya 1920. Kufikia katikati ya miaka hiyo, ufalme ule usio na taji ulikuwa umevunjika. Mtu aliyekuwa na mito isiyohesabika, haikupita miaka 10 baada ya kufa kwake ila mito yote imekauka.

Kwa nini? Si kwa kuwa mito ilikuwa michache. Ni kwa kuwa yote ilitoka katika chemchemi moja, nayo ni mtu mmoja. Yeye ndiye aliyemjua wakala wa Tabora na wa Kisumu, ndiye aliyejua nani amechukua mali kiasi gani, na nani mwaminifu na nani si mwaminifu. Imani ile ilikuwa juu yake yeye. Madeni yalitawanyika nchi tatu na nne, na alipoondoka, wengi waliokuwa wakimwogopa na kumstahi hawakuona haja ya kumwogopa mwingine. Wahenga wetu wamekwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila khabari. Nasi twaongeza kwamba hata daftari, likiwa ufunguo wake umo kichwani mwa mtu mmoja, huzikwa pamoja naye.

Lakini iko njia moja ambayo haikukauka. Abdulrasul, kabla hajafariki, alijenga shule Mombasa kwa jina la babake. Mwanzo ilikuwa ya watoto wa Kihindi, na baadaye ikawa ya watoto wa nchi wote. Mpaka leo iko wazi, na vijana wetu wa Kisauni na Frere Town wamevuka maji kwenda kusoma ndani yake. Kadhalika bwana wake wa kwanza, Sewa Haji. Misafara yake haipo, na Bagamoyo yake imebaki magofu. Lakini mwaka 1892 alitoa jengo Bagamoyo liwe shule, akashurutisha kwamba lisiwabague watu kwa asili zao, na fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam. Jina lake lingalimo katika hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1937 watu walimsimamishia Allidina sanamu hapa Mombasa. Rai yetu juu ya masanamu inajulikana, wala hatuirudii. Twasema tu kwamba sanamu lile halimfundishi mtoto hata herufi moja, na shule imefundisha maelfu.

Hapa ndipo khabari hii inapokutana na dini yetu. Tumefunzwa katika hadithi mashuhuri kwamba amali za mwanadamu hukatika akifa, isipokuwa sadaka yenye kuendelea, na elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumwombea. Sadaka yenye kuendelea ndiyo pato lisilokoma hata mwenyewe akiwa kaburini. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Misikiti mingi ya Mombasa husimama kwa kodi ya nyumba na viwanja vya wakfu, ambavyo haviuzwi wala havirithiwi, asili yake hukaa na matunda yake hutumika. Wakfu ni elimu ya mapato ambayo tulikuwa nayo kabla reli haijafika, na ambayo wengi wetu tunaiona kuwa kazi ya matajiri tu.

Basi twatoa nasaha nne kwa ndugu zetu.

Ya kwanza, usile asili. Kiwanja kikiuzwa kwa ajili ya harusi ya siku saba, harusi huisha siku ya nane na kiwanja hakirudi. Kodi ya kiwanja hicho hicho, japo ndogo, ingaliozesha na wajukuu.

Ya pili, pato la pili lizaliwe na la kwanza. Mwenye minazi mitano asikimbilie biashara asiyoijua. Atazame makumbi, makuti, nazi ya tui na mafuta, kwani humo mna milango minne. Fundi wa cherehani anayemkabidhi mwanafunzi wake mwaminifu cherehani ya pili kwa kugawana faida, huyo amekwisha kuanza njia ya Allidina.

Ya tatu, andika. Huku kwetu watu wengi wamejenga nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine kwa kulipa kodi ya ardhi, na mapatano yao ni ya mdomo baina ya wazee waliokwisha kufa. Mwenye nyumba ana pato la wapangaji, mwenye ardhi ana pato la ardhi, na wote wawili siku ya ugomvi hawana waraka. Nyumba inayokupa kodi kila mwezi yaweza kuwa matofali matupu asubuhi moja. Kila aliye na pato na aandike limetoka wapi, nani anadaiwa, nani anadai, na nani ashike baada yake. Na amfundishe huyo wa kushika wakati yeye yu hai. Mirathi imegawanywa na sharia, lakini kurithi mali si kurithi ujuzi wa kuiendesha.

Ya nne, katika milango yako yote, mmoja ufungue kwa ajili ya wengine. Si lazima uwe shule. Chumba kimoja cha duka ambacho kodi yake hulipia mafuta ya taa za msikiti au vitabu vya madrasa, kikiandikishwa kwa Kamisheni ya Wakfu Mombasa na kikapewa msimamizi, chatosha. Ikiwa mtu mmoja hakiwezi, ndugu kumi watakiweza.

Allidina alianza na umri wa miaka 12, katika nchi isiyo yake, bila rasilmali. Sisi tumo katika nchi yetu, tunayo minazi, bahari, bandari iliyo karibu, na mikono. Tunalolihitaji ni kuhesabu tulicho nacho, na kujua nani atakihesabu siku tutakapokuwa hatupo. Na anayetaka kuanza na aje darasani Ijumaa baada ya Alasiri, na daftari lake mkononi.

Wabillahi tawfiq.